Eka Mbili na Nusu

Kazi yangu ya kwanza ya runinga niliifanyia nje, gizani, nimekumbatia mti. Nilikuwa na miaka tisa. Mwalimu mmoja wa kijijini kwetu, nusu saa kwa miguu kutoka soko la Kebirigo huko Nyamira, alikuwa amenunua runinga ndogo isiyo na rangi. Antena yake ilifungwa kwenye ncha ya mkaratusi uliosimikwa kando ya ukuta. Upepo ukivuma mti unayumba, na picha inageuka mvua ya mawe. Hapo mtoto anatumwa nje kuuzungusha, na walio ndani wanamwelekeza kwa kelele: "Rudisha kidogo! Hapo! Ah, umepitiliza!" Ujira wangu ulikuwa kuachiwa nafasi ya mbele kabisa, sakafuni, kipindi kikianza.

Umeme haukuwepo. Runinga ilikula betri ya gari, na betri ilibebwa begani hadi sokoni ikachajishwe kwenye kinu cha kusagia mahindi. Ndiyo sababu mwalimu hakuiwasha ovyo. Taarifa ya habari ya saa moja jioni, kipindi kimoja baada yake, basi. Betri ikianza kuchoka, picha ilijikunja kutoka pembeni ikawa kama bahasha, kisha kama kiberiti, kisha nukta. Kuna michezo mingi ambayo mwisho wake hatukuuona kamwe. Tuliumalizia njiani tukirudi nyumbani, kila mtu na wake, na siku ya pili ubishi uliendelea kwenye foleni ya majani chai.

Hiyo ilikuwa 1987. Kituo kilikuwa kimoja tu nchini, Sauti ya Kenya, ambacho miaka miwili baadaye kiligeuzwa jina kikawa KBC. Mwaka huo kilikuwa kikionyesha mchezo wa Kiswahili ulioitwa Tushauriane. Redioni nako kulikuwa na Ushikwapo Shikamana. Mimi nilidhani ni michezo tu kama mingine. Baadaye sana, nilipoingia kazi hii, ndipo nilipojua kwamba yote miwili iliandaliwa kwa mbinu ya Miguel Sabido, mwandishi na mwongozaji wa Meksiko aliyeamini kuwa hadithi ya familia moja, ikisimuliwa jioni baada ya jioni, huwaingia watu kuliko hotuba. Shabaha ilikuwa kupanga uzazi. Mwishoni mwa miaka ya 1970 mwanamke wa Kenya alikuwa akizaa watoto wanane kwa wastani, na serikali ilikuwa na hofu.

Kwetu tulikuwa saba. Wa saba alikuwa mgongoni mwa mama usiku ninaotaka kuusimulia.

Sikumbuki hata neno moja lililosemwa kwenye mchezo jioni ile. Nakumbuka njia ya kurudi nyumbani. Kijia kilipita katikati ya majani chai, na umande ulikuwa umeshaanguka. Mama alitangulia na mtoto mgongoni, baba akafuata na tochi iliyokuwa ikifa, nasi tukaburura miguu nyuma yao. Tulipovuka daraja la magogo mama alisema, bila kugeuka:

"Mogaka, shamba letu ni eka mbili na nusu, sivyo?"

Baba alitembea hatua kadhaa.

"Mbili na nusu," akajibu. Kisha, tulipokuwa tunakaribia lango: "Na nusu yenyewe ina mawe."

Hakuna kingine kilichosemwa. Mama hakutaja mchezo wala uzazi, na baba hakuuliza swali hilo limetoka wapi usiku wote huo. Hata mimi, mtoto wa miaka tisa mwenye usingizi, nilijua kuna jambo kubwa limezungumzwa.

Miaka ilipita nikawa mwandishi wa vipindi jijini Nairobi. Nilikuwa mmoja wa waandishi wanne wa tamthilia ya nusu saa, ambayo ukitoa matangazo hubaki dakika 22 au 23. Siku moja tulihitaji onyesho fupi la mume na mke wa mashambani wanaoanza kufikiria kutopata mtoto mwingine. Niliwapa maneno ya wazazi wangu vilevile. Eka mbili na nusu. Na nusu yenyewe ina mawe. Kata.

Prodyusa wetu alisoma, akaweka kidole kwenye karatasi.

"Hapa mke anamaanisha nini?"

Nikamweleza.

"Basi aseme hivyo. Mtazamaji wa kawaida hawezi kung'amua. Yule mama wa kijijini utamwacha nyuma."

Yule mama wa kijijini. Nilitaka kumwambia kwamba maneno hayo niliyatoa kwake. Lakini nilikuwa mgeni kazini, kodi ya nyumba ilikuwa inakaribia, nikaongeza. Mke sasa akawa anasema: "Mume wangu, tumejaliwa watoto wengi na shamba letu ni dogo, kwa hivyo inafaa tupange uzazi." Mwigizaji aliyepewa sehemu hiyo alikuwa mzuri sana. Alipofika kwenye sentensi ile uso wake ulikuwa kama wa mtu aliyeuma kijiwe kwenye wali.

Kipindi kilirushwa Desemba nikiwa nyumbani Nyamira kwa likizo. Umeme ulikuwa umefika kwa baadhi ya majirani, na tulijaa sebuleni kwa mmoja wao. Shangazi yangu alikuwa ameketi karibu na mlango na ungo wa maharagwe mapajani, anachambua. Onyesho langu likaingia. Mke akauliza kuhusu zile eka mbili na nusu. Mikono ya shangazi ikasimama. "Eeh," akasema, kwa sauti ya chini, kama mtu aliyeguswa bega. Mume akajibu kuhusu mawe. Shangazi akacheka kidogo puani. Kisha ikaja ile sentensi yangu ya kuongezewa, na kabla haijafika katikati shangazi alikuwa ameshajibu skrini, "Tumesikia, mama," akarudi kwenye maharagwe yake, na halafu akainuka akaenda kumwangalia ng'ombe. Nimeshahakikiwa na watu wenye shahada. Hakuna aliyenihakiki kwa maneno mawili namna ile.

Naomba msomaji ayaone hayo kwa macho ya nchi yetu. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na 605,576 Nyamira. Kisii ina zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita ya mraba, na wengi wao wanalima. Karibu watu milioni mbili, na sidhani kuna mtu mzima hata mmoja kati yao anayehitaji kufafanuliwa maana ya eka mbili na nusu. Wamezigawa, wamezigombania mbele ya chifu, wamewazika baba zao ndani yake, na kila ndugu akapata kipande cha upana wa kitanda. Ukimtajia mtu huyo ukubwa wa shamba na idadi ya watoto, hesabu ameshaifanya kabla hujafunga mdomo. Sentensi niliyoiongeza haikumsaidia yeyote. Ilimwambia shangazi kwamba kule Nairobi kuna mtu anayemdhania hajui kuhesabu.

Lakini nisimsingizie prodyusa ujinga. Alikuwa na hoja moja ambayo niliipuuza kwa kiburi, na ilinigharimu. Alisema watu wengi hawatazami runinga, wanaisikiliza. Mama yuko jikoni, mlango uko wazi, sauti inamfikia pamoja na mlio wa mafuta. Mimi, kwa ghadhabu ya ile sentensi, nilikwenda upande wa pili. Kipindi kimoja baadaye nikaandika onyesho zima lisilo na neno: mwanamume anarudi nyumbani, anaona viatu mlangoni, anageuka anaondoka. Nilijiona fundi. Nilipofika nyumbani niliulizwa na watu watatu tofauti kama siku ile mitambo iliharibika, maana sauti ilikatika. Walikuwa wakisonga ugali. Hawakuona viatu.

Tangu hapo ninaamini kuna tofauti kati ya kumwachia mtazamaji kitu na kumficha kitu. Maneno ya mama yalikuwa na kila kitu ndani yake, ungeyasikia hata ukiwa jikoni. Viatu vyangu vilikuwa fumbo la kujionyesha.

Somo kubwa zaidi nililipata mjini Kisii, mahali ambapo hakuna mwandishi angependa kupeleka kazi yake. Karibu na Daraja Mbili palikuwa na kibanda cha video: mabati, mabenchi, runinga moja juu ya kreti za soda, kiingilio shilingi 10. Wateja walikuwa makanga wanaosubiri zamu, wachuuzi wa ndizi waliomaliza mapema, vijana wa mkokoteni. Filamu zilikuwa za Kihindi na za Kichina, na sauti yao halisi haikusikika, kwa sababu juu yake alikuwa amewekwa DJ Afro, akizisimulia kwa Kiswahili cha mtaani kwa kasi ya mnada. Nilikuwa nikiwadharau wasimulizi hawa. Nilisema wanamtafunia mtazamaji chakula. Siku hiyo niliingia kujikinga na mvua, na mvua ya Kisii mnaijua, alasiri haikosi.

Katikati ya filamu spika ikafa. Nilitegemea watu wapige makelele na kudai hela zao. Walipiga kelele dakika moja hivi, kisha makanga mmoja wa mbele akaanza kusimulia mwenyewe. Mwingine akamkatiza: huyo si mjomba, huyo ndiye baba mzazi, hukuona alivyomtazama mtoto kule hospitalini? Wa tatu akasema kama ni baba mzazi basi ile pete ina maana. Wakarudi nyuma kwenye mambo yaliyopita nusu saa kabla, mambo ambayo DJ Afro hakuyagusa kabisa kwa sababu alikuwa akichekesha, wakayaunganisha. Kijana mmoja alitabiri atakayesaliti mwenzake, akaeleza kwa nini, na hoja yake ilikuwa kwamba mtu yule hakuwahi kula pamoja na wenzake hata mara moja tangu filamu ianze. Aliangalia nani anakula. Mimi niliyelipwa kwa kazi hiyo sikuliona. Msaliti akawa ndiye.

Nikagundua kwamba sikumwelewa DJ Afro wala wateja wake. Walikuwa na filamu mbili kwa kiingilio kimoja, moja ya masikio na moja ya macho, na zote wakizifuata bila taabu.

Ukikumbuka, televisheni yetu haikuanza na dharau hii kwa mtazamaji. Mzee Ojwang wa kichekesho cha Vitimbi, marehemu Benson Wanjau aliyefariki 2015, alikuwa Mkikuyu aliyezungumza Kiswahili chenye lafudhi ya Kijaluo. Sisi wa Gusii, yaani wa Kisii na Nyamira, tunapakana na Wajaluo, tunauziana nao ng'ombe na samaki pale Sondu na Oyugis, lafudhi yao tunaijua kwa ndani. Kijijini kwetu hakuna aliyeangua kicheko kwa sababu ya lafudhi. Tulichekea yale Ojwang aliyokuwa akimficha mkewe, Mama Kayai, huku sisi tukiyajua, na Mama Kayai akijua, na Ojwang akidhani hajui. Tabaka tatu za kujua, na hakuna aliyesimama kutufafanulia. Mwishoni mwa enzi ya Moi wakaja vijana wa kundi la vichekesho la Redykyulass. Aliyemwigiza rais ni Walter Mong'are, maarufu kama Nyambane, na jina hilo ukilitaja Nyamira utaulizwa ni wa ukoo gani. Sauti peke yake ilitosha. Nchi nzima ilicheka kitu ambacho miaka kumi kabla kingemfikisha mtu pabaya, na kilichowalinda vijana wale, naona mimi, ni kwamba nusu ya mzaha hawakuusema wao. Waliusema watazamaji, majumbani mwao, mioyoni.

Mahali fulani kati ya wakati huo na sasa tukaanza kuandika kama watu wanaohofia kuulizwa swali. Mhusika akipiga simu lazima aseme, "Halo, dada yangu mdogo Kwamboka unayesomea udaktari." Mtu akilia lazima mwenzake aseme, "Mbona unalia?" Na Mkisii akitokea kwenye kichekesho, ujue atakuwa bawabu, atataja ndizi, na kama kipindi kina mchawi, basi ndiye. Hilo la mwisho limenikera miaka mingi, na sikerwi kwa ajili ya heshima ya kabila peke yake. Ni uvivu. Mwandishi hajakaa hata siku moja Keroka akasikiliza watu wanavyobishana.

Laiti angesikiliza angepata vitu vya bure. Nitatoa kimoja. Kwa Ekegusii, lugha yetu, mama huitwa *baba*, na baba huitwa *tata*. Niliwahi kuandika onyesho ambalo mtoto anaanguka kutoka juu ya mparachichi, anapiga yowe, "Baba! Baba!" na anayetoka mbio ndani ya nyumba, mikono imejaa unga, ni mamake. Mwongozaji alitaka kulikata. Watu wa Pwani watachanganyikiwa, alisema, watadhani tumekosea. Nilibisha kwamba mtazamaji atashangaa kwa muda wa pumzi moja, kisha atamwona mwanamke akimwinua mtoto, na jibu atakuwa amelipata mwenyewe. Muda wa kupiga upya ulikosekana, likabaki. Wiki kadhaa baadaye nilikuwa Likoni, nikinunua mahamri, na muuzaji aliposikia ninatoka wapi akaniuliza, "Ati kwenu mama mwamwita baba? Na babake je, huitwaje?" Alikuwa ameelewa, na alitaka zaidi. Nikamjibu. Akacheka mpaka akaweka koleo chini.

Nimejaribu kutafuta wazee wetu walijifunza wapi kuzungumza kama mama na baba usiku ule, na kila mara narudi kwenye posa. Kwetu mjumbe wa ndoa huitwa *esigani*. Ndiye anayekwenda kati ya nyumba mbili, na kazi yake yote ni maneno. Nilipelekwa Keumbu kusindikiza posa ya binamu yangu, nikadhani nitasikia mambo yakisemwa. Mazungumzo yalianza na mvua. Yakaenda kwenye barabara ilivyoharibika. Yakafika kwenye bonasi ya majani chai mwaka ule, ambayo ilikuwa mbaya. Mzee mmoja wa upande wa bibi harusi akasema hata ng'ombe siku hizi hawana maziwa kama wa zamani. Esigani wetu akatabasamu, akasema wa kwetu hawajambo, isipokuwa wamezoea nyasi za huko milimani. Chumba kizima kikatulia. Nilikuwa sijaelewa kwamba bei ilikuwa imetajwa na kukataliwa na kutajwa tena mbele ya macho yangu. Mwanamke aliyekuwa akigawa chai alielewa. Alicheka akiwa amenipa mgongo, nikaona mabega.

Mwanamke yule jioni huwasha runinga.

Siku hizi nikimaliza rasimu ya kipindi hurudi mwisho wa kila onyesho na kufunika mstari wa mwisho kwa kiganja. Onyesho likisimama bila mstari huo, naufuta. Mara nyingi husimama. Kisha nasoma kwa sauti nikiwa nimefumba macho, kwa ajili ya yule anayesonga ugali. Nikiwa nyumbani namsomea shangazi, ambaye hasifu kamwe. Ninachokitazama ni mikono yake. Namwambia kijana yeyote anayeanza kazi hii: nauli ya matatu kutoka Nairobi hadi Kisii ni ndogo kuliko gharama ya kupiga upya onyesho moja. Nenda kaketi Daraja Mbili siku ya soko bila daftari.

Ile sentensi yangu ya kupanga uzazi bado ipo. Kipindi hurudiwa mara kwa mara, na kila nikikiona nachukua rimoti. Uzazi wenyewe ulipungua: utafiti wa afya wa 1993 ulionyesha kuwa wastani wa watoto kwa mwanamke nchini ulikuwa umeshuka hadi 5.4. Sitasema ni Tushauriane ndio ulioshusha. Karo ya shule ilifanya kazi yake, zahanati zilifanya yake, na mashamba yenyewe yalikuwa yanasema kila siku bila runinga.

Mwaka jana nilimuuliza mama kama anakumbuka usiku ule, daraja la magogo, tochi, swali lake kwa baba. Baba ameshatutoka. Mama alifikiri, akasema hapana, hakumbuki kuuliza kitu kama hicho, na kwa nini aulize, mtu asijue ukubwa wa shamba lake?

Kitindamimba wetu, yule aliyekuwa mgongoni, alizaliwa 1986.